Mkate wa kumimina: Kitafunwa cha vuli kisichohitaji oveni

MVUA za vuli, zinyeshazo kati ya Oktoba na Desemba, huja na jioni za ubaridi ziamshazo hamu ya chai ya moto na kitafunwa kilichotoka jikoni muda huo huo. Katika nyumba nyingi za Zanzibar, Tanga na Mombasa, kitafunwa hicho ni mkate wa kumimina, ambao wengine huuita mkate wa sinia.

Mkate huu hutengenezwa kwa mchele uliorowekwa na kusagwa pamoja na tui la nazi. Jina lake latokana na rojo lake, ambalo halikandwi kama donge la chapati bali humiminwa chomboni. Kwa desturi huokwa kwa jiko la mkaa, moto ukiwa chini na juu ya chombo. Hivyo hata asiye na oveni anaweza kuuoka. Hata hivyo, jiko hilo likiingizwa ndani kwa kukimbia mvua, laweza kuleta msiba, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Mahitaji
Mchele vikombe 2
Tui zito la nazi kikombe 1 na robo
Sukari robo tatu ya kikombe
Hamira kijiko 1 cha chai
Hiliki iliyosagwa nusu kijiko cha chai
Ute mweupe wa yai 1
Mafuta kidogo ya kupaka chombo

Namna ya kutayarisha
1. Osha mchele, uroweke usiku kucha, kisha uchuje maji yote.
2. Usage pamoja na tui kwa mashine hadi rojo liwe laini kabisa. Ukilisugua kwa vidole usihisi chenga.
3. Tia hamira na hiliki, koroga, funika na uache liumuke. Kwa kawaida huchukua muda wa saa moja, lakini siku ya ubaridi huweza kuzidi.
4. Likishaumuka na kutoa mapovu, tia sukari na ute wa yai uliopigwa, ukoroge taratibu.
5. Pasha moto sufuria bapa iliyopakwa mafuta, kisha mimina rojo lifike zaidi kidogo ya nusu ya kina chake.
6. Acha juu ya moto mdogo hadi uso uanze kufanya vitundu. Funika kwa mfuniko wa bati, kisha palia makaa juu yake: mengi juu, machache chini.
7. Uso ukishageuka rangi ya dhahabu, choma katikati kwa kijiti. Kikitoka kikavu, mkate umeiva. Uache upoe ndipo uukate.

Mwenye oveni anaweza kuoka kwa nyuzi joto 180 za Selsiasi, kwa muda wa nusu saa hivi.

Kwa nini mkate huharibika
Hamira ni viumbe hai vidogo vinavyokula sukari na kutoa hewa inayoumua rojo. Tui likiwa la moto sana huviua, na mkate hutoka mzito kama jiwe. Tui liwe la uvuguvugu tu.

Tofauti na ngano, mchele hauna ule mvuto unaoshikilia hewa ndani ya donge. Ndiyo maana rojo lililokwisha kuumuka halingojeshwi. Likikaa mno hunywea na kuchacha. Mkate ulioungua chini huku juu ukiwa mbichi ni dalili kwamba makaa ya chini yalizidi ya juu.

Tahadhari ya jiko la mkaa
Mkaa uwakao hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo huizuia damu kusafirisha oksijeni mwilini, na huweza kumuua mtu akiwa usingizini. Wengi hudhani kuwa makaa yakishakuwa mekundu na moshi kwisha, hatari nayo imekwisha. Sivyo: sumu hiyo huendelea kutoka hata pasipo moshi.

Kwa hiyo, oka barazani au uani chini ya paa, mahali panapopita hewa. Kamwe usiweke jiko katika chumba kilichofungwa, wala usiliache chumbani ili kuota moto wakati wa kulala. Ukiona mtu aliye karibu na jiko anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu au kichefuchefu, mtoe nje mara moja na umpeleke hospitali.

Mkate huu huliwa kwa chai ya maziwa au ya rangi, na wakati wa Ramadhani hupamba meza ya futari. Kwa kuwa una tui, ni vema uliwe siku hiyo hiyo, kabla haujachacha.