Presha ya mafuta ya ndege: kutoka madebe ya Kisumu hadi haidranti za Embakasi

Leo hakuna Linux wala hifadhidata. Leo ni paipu, vali na presha, na nitaanza na aibu yangu mwenyewe ndipo nifike kwenye ndege. Vumilieni kidogo.

Hapa Manyatta, Embu, maji hayahitaji pampu. Mlima uko juu, mashamba ya chai yako chini yake, ya kahawa chini zaidi, na maji yanajiteremkia yenyewe. Kikundi cha wakulima wa upande wetu kina tanki juu, paipu ya PVC ya kama kilomita 1.2, na vali chini ambako maji yanagawanywa. Kwa miaka mingi vali hiyo ilifungwa na mzee mmoja kwa gurudumu la chuma, akizungusha mara ishirini na zaidi, huku akilalamika mgongo. Nikajitolea kumpumzisha. Nikaandika programu ndogo, nikafunga vali ya umeme, ikawa mtu anatuma ujumbe wa simu tu na maji yanakatika. Yalikatika kweli, kwa muda usiofika sekunde moja. Wiki ya pili, usiku, viungo vitatu vya paipu viliruka, na asubuhi shamba la jirani lilikuwa bwawa. Pesa za akiba za kikundi zikaishia kwenye paipu mpya.

Nilikagua programu mstari kwa mstari. Haikuwa na kosa hata moja. Ilifanya nilichoiambia: funga. Ndipo nikaanza kusoma watu wengine wanafungaje vitu vinavyokimbia ndani ya paipu, na usomaji huo ukanipeleka uwanja wa ndege.

Tuanze na hesabu, maana bila hiyo historia yenyewe haieleweki. Presha hupimwa kwa baa (siyo ile ya pale sokoni, ingawa hata hiyo ina presha zake). Maji yakisimama kwenye paipu yenye mteremko wa mita 10 kwenda chini, yanasukuma kwa takriban baa 1. Tanki letu liko mita 60 juu ya vali, kwa hiyo baa 6. Paipu ziliandikwa baa 10. Salama, siyo? Ndiyo, maji yakiwa yametulia. Lakini maji yanayokimbia ni mzigo, kama matatu iliyojaa inayoteremka. Ukiyasimamisha ghafla, mwendo wote hugeuka presha, na presha hiyo hurudi nyuma ndani ya paipu kama wimbi. Mrusi Nikolai Joukowsky alilieleza jambo hili mwaka 1898, baada ya majaribio kwenye mabomba ya maji ya Moscow. Kanuni yake ni fupi kuliko kanuni nyingi ninazoandika kazini: zidisha uzito wa lita moja ya kimiminika kwa kasi ya wimbi, kisha kwa mwendo uliousimamisha. Kwenye PVC yetu, maji yakikimbia mita 1.5 kwa sekunde, ongezeko ni kama baa 5. Sita na tano ni kumi na moja. Paipu ni ya kumi. Kwisha habari.

Kwenye paipu ya chuma ni kubaya zaidi, kwa sababu chuma hakitanuki na wimbi linakwenda kasi. Kwa mafuta ya taa ya ndege, kila mita 1 kwa sekunde unayoizima ghafla inaweza kuleta kama baa 8. Shikeni namba hiyo.

Sasa turudi nyuma. Mwaka 1931 ndege za Imperial Airways zilianza kufika Kisumu kutoka Uingereza, na kuanzia 1937 ndege-boti kubwa za Short zilitua Kisumu, Mombasa na Dar es Salaam zikielekea Durban. Mafuta ya ndege za Afrika zama hizo yalisafirishwa kwa mabati ya galoni nne, mawili katika kila sanduku la mbao. Ndiyo, ni lile lile debe. Debe ambalo mama zetu walipimia mahindi na maharagwe, debe la kuchotea maji, lilikuwa bati la mafuta kabla halijawa kipimo. Mtu alipanda juu ya bawa, akamimina debe moja moja kupitia faneli yenye ngozi laini ya kuchujia maji na uchafu. Kazi ilikuwa ya polepole, na moto ulikuwa hatari, lakini presha haikuwepo. Mmiminaji akichoka, anaacha kumimina. Breki ilikuwa ni mkono wake. Angalieni jinsi anavyofanana na mzee wetu wa gurudumu.

Kilichoua debe ni ukubwa wa ndege. Uingereza kulikuwa na rubani, Alan Cobham, aliyeruka kutoka London hadi Cape Town na kurudi mwaka 1925-26, na bila shaka alijua vizuri maana ya kungoja mafuta njiani. Mwaka 1934 alianzisha kampuni ya Flight Refuelling, ambayo nia yake ilikuwa kujaza ndege mafuta zikiwa angani. Lakini ni kampuni hiyo pia iliyotengeneza mfumo wa kujaza kwa presha chini ya bawa uliowekwa kwenye ndege ya jeti ya Comet. Hakuna kupanda juu ya bawa tena. Unachomeka mpira sehemu moja, unazungusha, unafungua, na mafuta yanasukumwa kwenda kwenye matanki yote.

Tarehe 2 Mei 1952 Comet ya BOAC yenye namba G-ALYP iliondoka London kwenda Johannesburg, safari ya kwanza duniani ya ndege ya jeti ya abiria kwa ratiba na nauli. Ilipitia Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Entebbe! Afrika Mashariki ilipata safari za jeti za abiria kwa ratiba kabla ya New York. Comet ilibeba zaidi ya lita 25,000. Kwa madebe ni zaidi ya 1,300. Hebu wazia mtu juu ya bawa na madebe 1,300, abiria wakinywa chai wakingoja.

(Kidogo pembeni. Ndege hiyo hiyo, G-ALYP, ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954, na watu 35 wakafa. Ilikuwa presha pia, ila ya hewa ndani ya chumba cha abiria, iliyochosha bati kila safari. Wachunguzi walitumbukiza Comet nyingine kwenye tanki kubwa la maji kule Farnborough, wakaijaza na kuipunguza presha tena na tena mpaka ikapasuka. Walitumia maji kwa sababu hayabanwi kirahisi kama hewa, hivyo kitu kikipasuka hakilipuki. Ningekuwa na akili ningejaribu vali yangu hivyo.)

Nairobi ilihitaji uwanja wa ndege kubwa. Embakasi ulijengwa wakati wa Hali ya Hatari na kufunguliwa mwaka 1958, na sehemu kubwa ya kazi ya mikono ilifanywa na wafungwa. Waliokamatwa chini ya sheria za miaka ile walikuwa hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru, watu wa miteremko hii ya mlima. Kila ninapoona picha za ndege zinazong'aa Embakasi za miaka ya sitini, huwa natazama lami kwanza.

Uwanja mkubwa ukataka mafuta mengi. Mwaka 1978, mwaka ule ule ambao jengo jipya la abiria lilifunguliwa ng'ambo ya barabara ya kurukia na uwanja ukapewa jina la Jomo Kenyatta, bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi: inchi 14 kwa kipenyo, kama kilomita 450. Hapa ndipo mlima unatugeuka. Sisi Manyatta presha tunapewa bure. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na mafuta yako baharini. Nguzo ya mafuta ya taa yenye kimo hicho inasukuma chini kwa takriban baa 125, kabla hujahesabu msuguano. Ndiyo maana kuna vituo vya pampu njiani, Maungu, Mtito Andei, Sultan Hamud, kila kimoja kikiinua ngazi yake. Bomba hilo limepokewa kazi na jipya la inchi 20 lililoanza mwaka 2018. Mafuta yasiyodhibitiwa hufanya nini, Nairobi tunajua: tarehe 12 Septemba 2011 petroli ilivuja ikaingia mtaroni mtaa wa Sinai, ikawaka, na takriban watu 100 wakafa.

Hebu fikiria sasa kazi ya mwisho. Mafuta yamekuja kwa nguvu zote hizo, na mwishoni yanatakiwa kuingia kwenye tanki la bati jembamba ndani ya bawa. Chini ya sakafu ya uwanja kuna mabomba ya haidranti yenye presha. Gari linalokuja kando ya ndege mara nyingi halina tanki wala pampu. Lina mipira, chujio, mita na kidhibiti presha. Kichwa cha mpira kinachoshika ndege ni cha inchi mbili na nusu, chenye meno matatu, kile kile dunia nzima. Na hapo kwenye kichwa presha isizidi paundi 50 kwa inchi ya mraba, yaani kama baa 3.5. Nilicheka niliposoma: ni sawa na maji ya mteremko wa mita 35 tu, kiasi kidogo kuliko tanki letu la kijijini. Ukomo wa mshtuko, vali ya ndege inapojifunga, ni paundi 120, kama baa 8.3. Rudini kwenye ile namba ya Joukowsky mwone jinsi nafasi ilivyo ndogo.

Kwa hiyo kuna kidhibiti cha kwanza, na nyuma yake kidhibiti cha pili kinachoshika kama cha kwanza kimelala. Ndege nayo ina vali inayojifunga tanki likijaa, na sheria za Marekani za ndege kubwa zinadai kuwe na njia ya kuhakiki kwamba vali hiyo inafunga, kabla ya kila ujazaji. Mafuta yanaanza kwenda, unabonyeza kitufe cha jaribio, mtiririko unakatika, ndipo unaendelea. Mimi ninayeandika majaribio ya programu kila siku sikuwahi kuijaribu vali yangu hata mara moja maji yakiwa yanakimbia.

Kutoa mafuta ndiko watu husahau. Ndege inatolewa mafuta ikiwa inakwenda kutengenezwa, au imejazwa kupita mzigo inaoruhusiwa. Hapo hatari inageuka: ukifyonza kwa nguvu, unafanya kile mtoto anachofanya na chupa ya plastiki, inajikunja. Kwa hiyo sheria hiyo hiyo inataka mfumo uhimili mara mbili ya kiwango cha juu kinachoruhusiwa cha kutolea mafuta, kiwe cha kusukuma au cha kufyonza.

Mwaka 1976 jambo hili la kufyonza lilikaribia kuingia kwenye historia yetu. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai, Waisraeli waliovamia Entebbe kuokoa mateka hawakuwa na mafuta ya kuwarudisha nyumbani bila kutua. Walikuja na pampu yao ndani ya ndege, ili wavute mafuta ya uwanja wenyewe, chini ya risasi. Kazi ingekula muda mrefu. Kenya ikawaruhusu kutua Nairobi, wakajaza Embakasi, wakaondoka. Wakenya waliokuwa Uganda ndio waliolipa; wengi waliuawa kwa kisasi.

Nimebakiza kifaa kimoja, na ndicho kilichonikosesha usingizi. Kinaitwa dedimani. Ni kishikio ambacho mjazaji anakibana mkononi muda wote. Akiachia, akizimia, akikimbia moto, mafuta yanakatika yenyewe. Wazo ni la zamani, la tramu na treni za umeme. Lakini angalieni ujanja wake: hakikati papo hapo. Kinafunga kwa sekunde kadhaa, kwa makusudi, ili kisizalishe mshtuko. Walijua kwamba kusimama ndiyo hatari yenyewe, hata unaposimama kwa sababu ya hatari.

Na binadamu ni binadamu. Mkono unachoka, basi mtu anakifunga kishikio kwa kamba au waya na kwenda kuzungumza na mwenzake. Ikabidi zitengenezwe dedimani zinazodai uachie na kubana tena kila baada ya muda, ili kamba isitoshe. Watu wa seva mnaijua hiyo: ni yule mlinzi anayeuliza programu “uko hai?”, na asipojibiwa anazima.

Vali yetu sasa inafunga kwa sekunde 40. Wimbi linakwenda hadi tanki na kurudi kwa kama sekunde 7, kwa hiyo 40 zinatosha, na kila Jumamosi tunaijaribu maji yakipita. Kikundi kilikubali umeme urudi kwa sharti moja, kwamba gurudumu la chuma libaki mahali pake, mbele ya vali yangu. Mzee hulipaka grisi mwenyewe.