Uhifadhi wa heroe katika Ziwa Natron

Uhifadhi wa heroe katika Ziwa Natron ni kazi ya kulinda mazalia ya heroe mdogo (jina la kisayansi: Phoeniconaias minor), ndege ambaye Watanzania wengi humwita flamingo, pamoja na ziwa lenyewe na mito inayoliletea maji. Ziwa hilo liko katika Bonde la Ufa, Wilaya ya Ngorongoro, Mkoa wa Arusha, karibu na mpaka wa Kenya. Inakadiriwa kwamba robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huzaliwa hapo. Kwa sababu hiyo mpango wa kujenga kiwanda cha magadi kando ya ziwa ulizua mabishano makubwa kuanzia mwaka 2006.

Ndege na maziwa yao

Wageni wanaopitia Karatu kwenda kutazama wanyama huwaona heroe katika Ziwa Manyara na katika Ziwa Magadi lililomo ndani ya kreta ya Ngorongoro. Wengine hufika hadi Ziwa Eyasi. Katika maziwa hayo ndege hawa huja kula. Heroe huinamisha kichwa mpaka mdomo uwe juu chini, huchuja maji na kubakiza spirulina, yaani viumbe vidogo sana vya rangi ya kijani vinavyostawi katika maji ya magadi. Rangi ya waridi ya manyoya yake hutokana na chakula hicho. Makinda huwa ya kijivu. Chakula kikipungua katika ziwa moja, kundi huhamia lingine, mara nyingi usiku.

Heroe wadogo wa Afrika Mashariki hukadiriwa kuwa kati ya milioni 1.5 na milioni 2.5. Wingi huo hudanganya. Anayewaona maelfu kwa maelfu Manyara hawezi kuamini kwamba wako hatarini, lakini katika kanda yote hii hawana mahali pengine wanapozaa kwa uhakika isipokuwa Natron. Kulinda Manyara na kreta bila kulinda Natron ni kulinda meza ya chakula na kuacha chumba cha kujifungulia bila mlango.

Kwa nini Natron

Ziwa hili halifiki kina cha mita 3, na maji yake hayana njia ya kutoka ila kwa kukauka juani. Chumvi na magadi hubaki na kufanya ganda gumu juu ya tope. Heroe hujenga viota vya tope vyenye umbo la kichuguu kidogo katikati ya eneo hilo. Jike hutaga yai moja tu, nalo hulaliwa na wazazi wote wawili kwa muda wa siku 28 hivi. Fisi na mbweha hawawezi kuvuka tope lile linalounguza.

Hata binadamu hulivuka kwa shida. Leslie Brown, afisa wa kilimo nchini Kenya aliyethibitisha mwaka 1954 kwamba heroe huzaa Natron, alijaribu kutembea kwa miguu kuelekea viotani akaungua miguu vibaya hata akalazwa hospitalini.

Ulinzi huo wa asili hutegemea kiasi cha maji. Yakijaa mno, viota huzama; yakipungua mno, wanyama wakali hupata njia ya kupita. Mwaka 1962 Natron ilifurika, na heroe wakazaa katika Ziwa Magadi la Kenya. Huko magadi yaliganda kama pingu kwenye miguu ya makinda, na watu wakalazimika kuyavunja kwa mikono ili kuwaokoa.

Mpango wa kiwanda

Magadi ambayo mama zetu huweka katika maharage ili yaive upesi ni bidhaa kubwa viwandani: hutumika kutengeneza kioo, sabuni na karatasi. Kenya imeyachimba katika Ziwa Magadi lake tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 2006 kampuni ya Tata Chemicals ya India na Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) walipendekeza kiwanda cha Natron cha kuzalisha tani 500,000 kwa mwaka.

Hoja ya waliounga mkono haikuwa ya kipuuzi. Wilaya ilikuwa na barabara mbovu na ajira chache, na nchi ilihitaji fedha za kigeni. Walioipinga, wakiwemo wanachama wa BirdLife International, walieleza kwamba kuvuta maji ya ziwa kungebadilisha kiwango chake na chumvi yake, kiwanda kingehitaji maji baridi katika nchi kavu ya wafugaji, na kelele na nyaya za umeme zingewasumbua na kuwaua ndege. Heroe anayesumbuliwa wakati wa kulalia huweza kuacha kiota na asirudi.

Tata ilijiondoa mwaka 2008. Hata hivyo, mwaka 2011 Rais Jakaya Kikwete alitangaza kwamba serikali ingeendelea na uchimbaji. Baadaye NDC ilielekeza nguvu Engaruka, Wilaya ya Monduli, ambako magadi yako chini ya ardhi, mbali na viota.

Ulinzi wa kisheria

Tanzania iliandikisha Natron katika orodha ya ardhioevu za Mkataba wa Ramsar mwaka 2001. Mkataba huo unataka ardhioevu itumiwe kwa busara. Haukatazi kiwanda moja kwa moja. Kizuizi chenye nguvu zaidi ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayodai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi kama huo kuanza. Mwaka 2008 ulitolewa pia mpango wa kimataifa wa kumhifadhi heroe mdogo, kwa kuwa ndege huyu hajui mipaka ya nchi.

Maji kutoka Kenya

Mto mkubwa unaoingia Natron ni Ewaso Ng'iro Kusini, ambao huanzia upande wa Kenya. Kukata misitu ya Mau, kumwagilia mashamba na mipango ya mabwawa ya umeme huko juu huweza kupunguza maji au kuleta udongo mwingi ziwani. Kwa upande wa Tanzania, vijiji vya kando ya ziwa kama Engaresero na Pinyinyi navyo hutegemea vijito kwa kilimo na mifugo. Engaresero hupata kipato kutokana na watalii wanaokuja kuona heroe na kupanda mlima Ol Doinyo Lengai.