Kuchagua mtaa wa kununua nyumba ya familia Mombasa bara

Waswahili husema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Anayetaka kununua nyumba ya kuishi na jamaa zake Mombasa bara hana budi kuanza mbali zaidi ya mlango. Yampasa kwanza ajue ardhi iliyo chini ya nyumba hiyo ni ya nani, maji hutoka wapi, na njia ya kwenda kazini na shuleni ni ipi.

Kisiwa cha Mombasa ni kidogo na kimejaa majengo. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka wa 2019, kati ya wakazi 1,208,333 wa Kaunti ya Mombasa, ni 154,171 pekee waliohesabiwa Mvita. Waliosalia walikuwa bara: Kisauni 291,930, Likoni 250,358, Nyali 216,577, Jomvu 163,415 na Changamwe 131,882. Nyali ilikuwa sehemu ya eneobunge la Kisauni, na Jomvu sehemu ya Changamwe, hadi uchaguzi wa mwaka wa 2013.

Likoni

Likoni iko kusini mwa kisiwa, ng'ambo ya kivuko. Wanaovuka kwa miguu hawalipi nauli ya feri, ilhali magari hulipishwa. Nyakati za asubuhi na jioni watu na magari husubiri kwa foleni, na feri moja inapoharibika mahesabu yote ya siku huvurugika. Wenyeji hawajasahau mkasa wa Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na watu 272 wakafariki.

Barabara ya Dongo Kundu, inayotoka Miritini hadi Kibundani katika Kaunti ya Kwale kupitia madaraja ya Mwache na Mteza, imewapa wenye magari njia ya kutoka kusini bila kupanda feri. Humfaa zaidi anayefanya kazi Changamwe, Miritini au uwanja wa ndege. Kwa mwenye duka au ofisi katikati ya mji, huo ni mzunguko mrefu.

Jambo la pili la kuangaliwa Likoni ni historia ya ardhi. Shamba la Waitiki, la ekari 930, lilikaliwa na maskwota kwa miaka mingi hadi serikali ilipolichukua na kuanza kuwapa wakazi hatimiliki mwaka wa 2016, kwa sharti la kulipia. Anayeuziwa kipande katika eneo kama hilo aulize iwapo malipo yote yamekamilika na hati imetolewa kwa jina la anayeuza.

Kisauni na Nyali

Upande wa kaskazini huunganishwa na kisiwa kwa Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka wa 1980. Hapa tofauti kati ya mtaa na mtaa ni kubwa mno. Nyali yenyewe ilipangwa kwa viwanja vikubwa na bei zake huwatisha wengi. Mishomoroni, Mtopanga na Mlaleo zina nyumba zilizosongamana na vichochoro vyembamba. Kiembeni na Utange ziko mbali zaidi, na wengi wa wanaohamia huko hutafuta nafasi kwa bei nafuu, huku gharama ya matatu ikiongezeka.

Maji ndiyo mtihani wa kwanza. Mombasa hutegemea chemchemi na visima vilivyo katika kaunti jirani: Mzima katika Taita Taveta, Baricho katika Kilifi, na Marere na Tiwi katika Kwale. Mifereji inapokauka, wakazi hurudia visima vya nyumbani. Maji ya visima vingi yana chumvi, na palipo na vyoo vya shimo karibu, huweza kuchafuliwa. Mnunuzi apeleke sampuli ya maji ya kisima yakapimwe kabla ya kulipa chochote.

Aidha, usalama usipuuzwe. Kwa miaka kadhaa sehemu za Kisauni zimesumbuliwa na magenge ya vijana wanaojihami kwa mapanga. Hali hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa. Wa kuulizwa ni wazee wa mtaa, wenye maduka na wahudumu wa bodaboda, si dalali.

Changamwe na Jomvu

Magharibi ndiko iliko njia kuu ya Nairobi, uwanja wa ndege wa Moi na stesheni ya reli ya kisasa ya Miritini, iliyoanza kazi mwaka wa 2017. Wafanyakazi wa bandari na viwanda huwa karibu na kazi zao. Hata hivyo, malori ya makontena hufunga barabara mara kwa mara, na kelele za ndege huwafikia walio karibu na uwanja.

Ujirani na viwanda una hatari yake. Katika kijiji cha Owino Uhuru, karibu na Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakazi kwa sumu ya risasi. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Kwa hivyo mzazi achunguze kilichoko nyuma ya ukuta wa jirani, moshi huelekea wapi, na maji machafu humwagwa wapi.

Nyumba bila ardhi

Katika maeneo yote haya upo utaratibu wa Pwani ambao mgeni hunaswa nao kwa urahisi: mtu humiliki nyumba, lakini ardhi ni ya mwingine, ambaye hulipwa kodi ya kiwanja. Mzizi wake ni sheria ya hatimiliki ya mwaka wa 1908, ambapo waliosajili madai yao walipata hati na wasiosajili wakawa wageni katika makao yao. Anayenunua nyumba ya aina hiyo hununua kuta na paa tu. Mwenye ardhi akiiuza au akikataa kodi, familia huweza kujikuta nje.

Kwa sababu hiyo, mnunuzi afanye upekuzi rasmi katika sajili ya ardhi ili ajue mmiliki, mikopo na mizuio. Amlete mpimaji athibitishe vigingi vya mipaka. Ahakikishe kodi za kaunti hazidaiwi, na kwamba mume au mke wa muuzaji ameridhia kwa maandishi iwapo nyumba ni ya ndoa. Palipo na wakaaji wasio na hati, akumbuke kwamba aliyekalia ardhi ya mwenzake waziwazi bila idhini kwa miaka 12 aweza kuidai mahakamani. Katika bajeti atenge pia ushuru wa stempu, ambao mijini ni asilimia nne ya thamani.

Hatimaye, mtaa utembelewe zaidi ya mara moja: alfajiri watu wanapokwenda kazini, usiku baada ya saa mbili, na wakati wa mvua za masika, maana mtaro uliokauka mwezi wa Januari huweza kuwa mto mwezi wa Mei. Malipo yafanywe kupitia wakili, baada ya matokeo ya upekuzi kupatikana.