Safari ya Funza, Mgeni Asiyepiga Hodi

Wadudu wa nyumbani ni wengi, na kila mmoja ana desturi yake. Sisimizi hutafuta sukari na mafuta. Mchwa hula boriti na vitabu. Siafu huingia usiku wakatutoa kitandani. Hao wazee wa wazee wetu waliwajua, wakajua na namna ya kupigana nao kwa majivu na kwa moto. Lakini yuko mmoja ambaye wazee wale hawakumjua kabisa, naye leo akaa katika vumbi la nyumba zetu kama kwamba ndiye mwenyeji. Huyo ni funza, ambaye pengine huitwa tekenya.

Mwaka mmoja tulikuwa na mtoto katika darasa letu aliyechelewa kila siku, akaketi nyuma ya wenzake, akaficha miguu chini ya dawati. Wenzake walimpa jina ambalo hatupendi kuliandika hapa. Tulipomwita peke yake na kuitazama miguu yake, tulikuta vidole vimejaa funza, na kucha mbili zimekwisha kutoka. Jioni tukaenda kwao. Bibi yake alitupokea kwa heshima, akatupa kigoda, kisha akasema, "Mwalimu, usijisumbue. Funza hawa ni wa ukoo wetu. Babu yake alikuwa nao, na baba yake vile vile."

Siku ile hatukuwa na jibu. Basi tukaenda kutafuta habari za mdudu huyu, na hayo tuliyoyapata ndiyo tunayoyaeleza sasa.

Asili ya funza ni Amerika ya Kusini na visiwa vilivyo karibu nayo. Wahispania waliofika huko baada ya safari ya Christopher Columbus ya mwaka 1492 walimkuta, naye akawatesa sana miguu. Habari zake zimo katika vitabu vyao vya karne ya 16. Miaka mingi ilipita, naye akakaa ng'ambo ile ya bahari. Huku kwetu hakuna aliyelijua jina lake.

Hata mwaka 1872 merikebu ya Kiingereza, jina lake Thomas Mitchell, ilitoka Rio de Janeiro katika nchi ya Brazil, ikafika Ambriz, bandari ya Angola. Haikuwa na shehena ya kutosha, kwa hiyo ilijazwa mchanga uwe farumi, ili isiyumbe baharini. Husimuliwa ya kwamba mchanga ule ulimwagwa pwani, na ndani yake walikuwamo funza. Tena mabaharia wenyewe walikuwa nao miguuni. Hakuna aliyeona kwamba jambo kubwa limetokea. Nani angeogopa mchanga?

Funza hana mabawa, na kuruka kwake ni kwa kimo kidogo tu. Angewezaje kuvuka bara zima la Afrika? Alivuka kwa miguu ya watu. Siku zile njia za Angola na za Kongo zilijaa misafara ya wafanya biashara, wapagazi wa pembe, na askari. Mpagazi mwenye funza kidoleni alilala kambini, na usiku mayai yakaanguka katika vumbi. Yeye aliondoka alfajiri, lakini mayai yalibaki. Baada ya majuma machache kambi ile ilikuwa na funza wapya wakingoja msafara mwingine. Hivyo kila kambi ikawa ghala, na kila njia ya biashara ikawa njia ya funza.

Mwaka 1887 Henry Morton Stanley alianza safari yake ya kwenda kumtafuta Emin Pasha. Aliwachukua mamia ya watu wa Unguja, akapanda nao mto Kongo, akapenya msitu mkubwa hata Ziwa Albert, kisha akatokea Bagamoyo mwezi wa Desemba 1889. Waandishi wengi huutaja msafara huu kuwa mmoja wa ile iliyomleta funza upande wetu wa mashariki. Mwaka 1892 Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, alipita Uzinza, kusini-magharibi ya Ziwa Victoria. Aliandika ya kwamba aliona watu ambao viungo vyao vimeoza, na kwamba vijiji vizima vimekwisha kwa sababu ya mdudu huyu. Nayo ilikuwa miaka ya taabu nyingi, maana sotoka ilikuwa imekwisha kuua ng'ombe, na njaa ilifuata. Mtu asiyeweza kusimama atalimaje, na atavunaje? Kabla ya mwaka 1900 funza alikuwa amefika pwani na Unguja. Bara lote, toka bahari hata bahari, alilipita katika muda usiotimia miaka 30.

Twasema katika methali, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni huyu alikuja, na mwenyeji akaugua. Kwa nini aliwaumiza watu hivyo? Kwa sababu hawakumjua. Funza ni mdogo, hafikii milimita moja. Jike huingia ngozini, akaacha tundu dogo la kupumulia na kutolea mayai. Katika muda wa juma moja hivi tumbo lake huvimba likawa kama punje ya choroko. Hutoa mayai kwa mamia, kisha hufa humo humo, na kidonda huoza. Watu wa kwanza walioingiwa naye waliona uvimbe tu. Hawakujua kama ndani yake yumo mdudu wa kutolewa. Baadaye elimu ya kumtoa ilienea kama yeye mwenyewe alivyoenea, na katika nyumba nyingi mama na bibi wakawa hodari wa sindano.

Lakini sindano humwondoa funza wa kidoleni, haimwondoi wa nyumbani. Mayai yanayoanguka chini huangua mabuu baada ya siku tatu au nne. Mabuu hayo huishi katika mchanga mkavu na vumbi, yakila taka ndogo ndogo, na kwa majuma matatu hivi huwa funza kamili. Wachunguzi wa miaka hii wameyakuta hata katika mchanga wa sakafu ya vyumba vya kulala. Kwa hiyo mtoto hutolewa funza jioni, akalala chini pale pale, na asubuhi ana wengine.

Hapa ndipo tulipopata jibu la yule bibi. Hakuna ukoo wa nchi hizi uliokuwa na funza kabla ya merikebu ile kufika Ambriz. Babu, baba na mjukuu hawakurithishana mdudu katika damu, walirithishana sakafu. Si laana, wala si uchawi. Wala haifai kumwita mgonjwa mvivu, maana aliye maskini hana saruji, na aliye mzee hana nguvu za kuteka maji. Aibu huwafanya watu wafiche miguu, na mguu uliofichwa hautibiwi. Mtoto huacha shule kwanza kwa maumivu, kisha kwa kicheko cha wenzake, na hicho cha pili ni kosa letu.

Basi yafaa tufanye nini? Kwanza, sakafu. Mwenye fedha na atie saruji. Asiye nazo na aikandike kwa udongo na samadi ya ng'ombe, aipige mpaka iwe ngumu, na kila ufa auzibe. Kabla ya kufagia na anyunyize maji, vumbi lisiruke. Pili, wanyama. Nguruwe, mbwa, mbuzi na hata panya huwa na funza. Basi wafugwao wasilale chumba kimoja na watoto. Tatu, miguu ioshwe kwa sabuni na kutazamwa kila jioni, na viatu vivaliwe vinapopatikana. Nne, sindano moja isitumiwe kwa watu wawili, kwa maana hupeleka magonjwa ya damu. Na kidonda kichafu huweza kuleta pepopunda. Wengine hupaka mafuta ya taa au dawa za shambani. Hayo huunguza ngozi. Uchunguzi uliofanywa Kenya na kutangazwa mwaka 2014 ulionyesha ya kuwa mafuta yaitwayo dimetikoni, yakipakwa, yaliua funza 78 katika kila 100 kwa siku saba, na dawa ya zambarau ya kuloweka miguu, yaani pamanganeti, iliua 39 tu. Mwenye funza wengi na aende zahanati, akaulize.

Tulirudi kwa yule bibi tukamweleza habari za merikebu. Alisikiliza kimya, kisha akauliza, "Kumbe huyu alikuja juzi tu?" Jumamosi mbili wanafunzi wakubwa walichota udongo na samadi, wakaipiga sakafu yake, na mbuzi wakajengewa banda nje. Mtoto alitibiwa zahanati. Sasa huketi safu ya mbele, na miguu yake haifichi.

Wazee walisema, "Mdharau mwiba mguu huota tende." Sisi tumemdharau funza, tena tumewadharau wenye funza. Yeye aliyeingia nyumbani kwa miaka 30 anaweza kutoka nyumbani, nyumba moja baada ya nyumba moja, iwapo jirani ataingia kwa jirani na jembe na ndoo ya maji badala ya kicheko.