Android ao iPhone: anayeanza kutengeneza programu za simu achague gani?

Kijana wa Goma, Bukavu ao Bunia anayetaka kujifunza kutengeneza programu za simu, zile wengi wanaita aplikasiyo, anakutana kwanza na swali la feza: aanzie kwenye Android ao kwenye iPhone? Akikosea hapo, akiba yake inaweza kuishia kwenye vifaa mbele ya kuandika hata mstari mmoja.

Android

Huu ni mfumo wa Google, ule uko ndani ya Tecno, Infinix, itel na Samsung. Chombo chake cha kazi, Android Studio, ni cha bure na kinatumika kwenye Windows, Linux na Mac. Lugha yake kubwa ni Kotlin. Tangu 2019 Google inaitanguliza mbele ya Java.

Taabu yake ni uzito. Ordinatere ya RAM giga 4 itachoka. Giga 8 ndizo za kuanzia. Lakini hakuna lazima ya kufungua simu ya mfano kwenye skrini. Programu inajaribiwa kwenye simu yenyewe: katika mipangilio, penye habari za simu, unagusa namba ya toleo mara 7, menyu ya watengenezaji inafunguka, kisha unaunganisha kebo ya USB.

Mega nazo zinaliwa. Android Studio peke yake inapita giga 1, na mradi wa kwanza unavuta vitu vingine. Ni vizuri kupakua vyote siku moja, pahali pa Wi-Fi, wakati umeme uko.

iPhone

Xcode, chombo cha Apple, nacho ni cha bure, lakini kinafanya kazi paka kwenye Mac. Lugha yake ni Swift, iliyotoka 2014. Bila kulipa, unaweza kujaribu programu kwenye iPhone yako, ila kisha siku 7 inaacha kufunguka, unaiweka upya.

Kuitoa kwa watu

App Store inaomba dola 99 kila mwaka. Google Play inaomba dola 25 mara moja tu, na akaunti mpya ya mtu binafsi inapaswa kupata watu 12 wa kujaribu programu siku 14 mfululizo. Tena, faili ya APK inaweza kupita kwa Bluetooth toka simu moja mpaka ingine, kwa hiyo dola 25 zinaweza kungoja.

Na zote mbili?

Flutter inaruhusu kuandika mara moja kwa Android na iPhone, lakini kutoa ile ya iPhone bado kunaomba Mac. Mwenye mashini zaifu anaweza kuanza na MIT App Inventor: inafunguka ndani ya kivinjari, na mtu anapanga vipande pahali pa kuandika kodi.

Kwa hiyo, mwenye Mac tayari anaweza kuanza na iPhone. Wengine waanze na Android, na simu ile iko mfukoni.