Miguu ya Hadhira: Habari za Wapiga Muziki wa Arusi katika Bariadi

Katika mji wa Bariadi, msimu wa pamba unapofunguliwa na fedha ya mkulima inapoanza kutembea, kamati za arusi huketi jioni katika nyua za majumba, na baada ya ng'ombe kuhesabiwa, ukumbi kutajwa na mapambo kubishaniwa, huja swali ambalo wajumbe hulidhania jepesi mpaka walifikie: nani atakayepiga muziki? Mwenyekiti hutaja DJ mmoja kwa sababu ana spika nyingi. Mweka hazina hutaja wa pili kwa sababu ijara yake ni nafuu. Na shangazi wa bwana arusi, ambaye hakuulizwa, husema kwamba huyo wa pili alipiga katika arusi ya fulani nyimbo ambazo mtu mwenye haya hawezi kuzisikiliza mbele ya mkwewe. Nimeketi katika vikao vya namna hiyo mara kadha wa kadha, na kila mara nimeona kwamba shangazi peke yake ndiye aliyenena neno lenye asili katika nchi ile, ijapokuwa neno lake halikuandikwa katika muhtasari.

Nchi hiyo iliitwa Ntuzu kabla haijapata majina ya serikali. Wenyeji wake, Wanyantuzu, ni Wasukuma wa upande wa mashariki. Zamani za Waingereza walihesabiwa katika wilaya ya Maswa, halafu wakawa sehemu ya mkoa wa Shinyanga, hata mwaka 2012 Mkoa wa Simiyu ulipoundwa na Bariadi ikafanywa makao yake makuu. Serikali zilibadilisha mipaka, lakini kulikuwa na mpaka mwingine ambao hakuna serikali iliyouchora wala iliyoufuta, nao ni ule uliogawa Usukuma wote katika makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu. Riwaya za wazee zasema kwamba katika karne ya 19 walikuwako mahasimu wawili, Ngika na Gumha, wote wawili mafundi wa ngoma na wa dawa, na kwamba wafuasi wa Ngika wakawa Bagika na wafuasi wa Gumha wakawa Bagalu. Mtu aliingia katika kundi kwa dawa na kwa mafunzo, akarithisha uanachama kwa wanawe, na aghalabu akafa nao.

Mashindano yao ndiyo ninayotaka msomaji ayatazame kwa makini, maana ndani yake imo kanuni ambayo kamati zetu zimeisahau. Baada ya mavuno, jua likiwa kali na maghala yamejaa, makundi mawili yalikutana katika uwanja mmoja, kila moja likiwa na ningi wake, yaani manju, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, na yote mawili yalianza kwa wakati mmoja, ngoma ikishindana na ngoma na sauti na sauti. Hapakuwa na hakimu mwenye karatasi na kalamu. Hadhira ilisimama katikati, ikasikiliza huku na huku, kisha ikaenda kwa miguu yake upande ulioipendeza. Na kundi lililobaki na watu wachache mpaka machweo ndilo lililoshindwa, wala halikuwa na mahali pa kukata rufani. Kwa hiyo manju alitumia kila hila aliyojaliwa: dawa za kuvuta watu, mavazi ya ajabu, mzaha, matusi ya kumwaibisha hasimu, hata chatu aliye hai mikononi mwa mchezaji. Juu ya hayo yote alihitaji elimu moja isiyonunuliwa kwa mganga, nayo ni kuwajua watu waliosimama mbele yake, nasaba zao, sifa za babu zao, misiba yao ya karibuni, na maneno ambayo baba na mkwewe waweza kuyasikia pamoja bila ya mmoja kuinamisha uso.

Msomaji wa pwani asistaajabu. Naye alikuwa na makundi hasimu ya Marini na Arinoti katika ngoma ya beni, iliyoanza kwenye miji ya mwambao wa Kenya na kuenea hadi bara, na anajua jinsi mitaa ilivyofilisika kwa kutaka kuwashinda jirani zao kwa mavazi na karamu. Tofauti ni kwamba pwani mara nyingi kilichopimwa kilikuwa kiasi cha mali iliyotumiwa, ambapo Usukumani kilichopimwa kilikuwa idadi ya miguu.

Manju alichaguliwa kadhalika kwa kazi. Mwenye shamba kubwa alialika kundi la vijana kulima, nao walilima kwa mdundo, majembe yakipanda na kushuka pamoja. Humo ndimo ilimotoka ngoma ya bugobogobo, ambayo wageni huiona leo katika maonyesho na kuidhania mchezo mtupu. Mpigaji aliyeharakisha mno aliwachosha wakulima kabla ya adhuhuri, na aliyekokota aliwapa usingizi. Mwenye shamba hakuhitaji kuelezwa nani ni hodari: alitazama matuta.

Kisha yakaja mambo mapya, na la kwanza halikuwa chombo bali marufuku. Nassa, kando ya Ziwa Viktoria, ambayo leo imo katika wilaya ya Busega, palikuwa na kituo cha wamisionari wa Kiingereza tangu karne ya 19, nacho mwaka 1909 kikaingia mikononi mwa Africa Inland Mission, na kutoka hapo likakua kanisa ambalo hata sasa lina nguvu kubwa Simiyu. Wamisionari hao waliona katika ngoma dawa, pombe na miungu mingine, wakawakataza waumini wao. Hivyo arusi ya Mkristo wa Nassa ikawa arusi ya nyimbo za dini, na kwa mara ya kwanza mwenye arusi katika nchi ile akawa na jambo la kuchagua ambalo babu yake hakuwa nalo, yaani kama ngoma ipigwe au isipigwe. Wakatoliki walikwenda njia nyingine: karibu na Mwanza, huko Bujora, Padri David Clement kutoka Kanada aliziingiza ngoma za Kisukuma katika ibada, na akaanzisha jumba la makumbusho ambalo bado lahifadhi vyombo vya makundi yale mawili. Hitilafu hiyo haijaisha. Hata leo swali la kwanza ambalo familia nyingi za Bariadi humwuliza DJ ni kama anazo nyimbo za injili za kutosha, na wala si swali la adabu tu, maana mchungaji atakuwapo, na mchungaji ana macho.

La pili lilikuwa pamba. Vyama vya ushirika vya wakulima wa Kanda ya Ziwa, ambavyo jina la kiongozi wao Paul Bomani halitengani navyo, viliunganishwa mwaka 1955 katika Victoria Federation of Co-operative Unions, na fedha iliyopita mikononi mwa mkulima ilimwezesha kununua baiskeli, bati, na, kwa aliyetaka fahari, gramafoni. Santuri za Kiswahili zilikuwapo tangu Siti binti Saad alipopelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodiwa. Redio ikafuata mwaka 1951, ilipoanza Sauti ya Dar es Salaam. Mwenye gramafoni aliombwa kuileta arusini, akazungusha mpini, akabadilisha sindano, na watu wakaizunguka kama walivyomzunguka manju. Walakini palikuwa na jambo geni: sauti iliyotoka haikumjua bwana arusi, wala haikujua kwamba nyumba ile imetoka matangani wiki iliyopita. Sanduku lilikuwa na nyimbo lakini halikuwa na macho. Kwa hiyo macho yakawa kazi ya yule aliyezungusha mpini, ingawa wakati huo hakuna aliyemwita fundi. Alikuwa mwenye mashine basi.

Bendi za dansi, Tabora Jazz, Western Jazz na nyinginezo, zilifika vijijini kwa redio na kwa santuri zaidi kuliko kwa miguu, na baadaye kwa kanda, ambazo kijana aliweza kuzibeba kumi katika mfuko mmoja. Miaka ya 1980 disko likashika miji. Mjini Dar es Salaam Joseph Kusaga na wenzake walianza na disko la Clouds, ambalo baadaye lilizaa Clouds FM, na katika miji midogo kila Idi na kila Krismasi watoto walipelekwa katika disko toto. Umeme ulipokuwa adimu, jenereta lilifanya kazi. Sitakaa sana hapa, kwa kuwa mambo hayo yalikuwa yale yale kila mahali.

Kilicho cha Bariadi ni hiki, kwamba zamani mpiga muziki ndiye aliyebeba hatari, na siku hizi imebebwa na mwenye arusi. Manju aliyeshindwa alirudi nyumbani na aibu yake. DJ hupokea malipo ya awali majuma mawili kabla, na hadhira ikinuna, aibu huwa ya kamati. Kwa hiyo kamati hujitafutia dhamana katika vitu vinavyohesabika, spika, taa, jenereta la akiba, wala siilaumu kabisa, maana jenereta la akiba limenusuru arusi nyingi. Yapo na masharti ya dola: Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, inayompa mtunzi haki juu ya wimbo upigwao hadharani, na kanuni za mwaka 2015 zinazodhibiti kelele. Lakini hakuna kibali kinachosema kama mtu huyu anajua wakati wa kuinyamazisha singeli, muziki wa mbio uliozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam, na kuweka wimbo wa Kisukuma wa mamanju wa leo, waimbao kwa kinanda cha umeme, ili bibi aliyeketi tangu alasiri apate sababu ya kuinuka.

Miaka michache iliyopita, usiku mmoja wa Jumamosi, nilialikwa katika arusi iliyofanyika uani, chini ya maturubai, na ng'ambo ya barabara palikuwa na arusi nyingine, familia mbili zisizopatana ratiba. DJ wetu alikuwa na spika zilizopangwa kama ukuta, naye alianza kwa kasi na kuendelea kwa kasi, akitazama kompyuta yake. Wa ng'ambo alikuwa na vyombo vichache; nilikuwa nimemwona tangu alasiri akiwauliza wazee wa nyumba majina, na akisimama mlangoni kutazama nani anaingia na nani. Hata saa nne watoto wetu walikuwa wamekwisha kuvuka. Wakafuata vijana, chupa za soda mikononi. Wakafuata akina mama, wakijifanya wanakwenda kuamkia. Mweka hazina wetu alisimama langoni akihesabu viti vitupu ambavyo alikuwa amevilipia. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami alisikiliza huku, akasikiliza huko, kisha akaniuliza ni upande upi uliokuwa wa Bagalu. Na kabla sijajibu alikuwa amekwisha kuchukua fimbo yake, anavuka barabara.