Pisiweki, Kibarua na Kipande: Historia ya Neno la Ujira katika Ufuo wa Ziwa Mweru

Katika Kiingereza, neno "piecework", lililoanza kutumika karne ya 16, humaanisha kazi inayolipwa kwa idadi ya vitu vilivyokamilishwa, si kwa muda uliotumika. Nchelenge na Kashikishi, nchini Zambia, neno hilo limetoholewa kuwa "pisiweki", na maana yake imepanuka. Kulima shamba la mihogo la jirani, kuvuta nyavu, kuanika chisense, yaani dagaa wa ziwa hilo: zote ni pisiweki, hata malipo yakiwa ya kutwa, au yakiwa samaki badala ya fedha. Kinachotajwa si kipimo cha kazi bali ufupi wa ajira: kazi ikiisha, mwajiri na mwajiriwa hawadaiani.

Upanuzi huu una mazingira yake. Katika karne ya 20, wanaume wa bonde la Luapula walikwenda migodini Katanga, na baadaye Copperbelt, ambako mshahara ulihesabiwa kwa tiketi ya siku 30 za kazi. Kando ya kazi hiyo yenye tiketi, ile isiyo na hati yoyote ilihitaji jina lake.

Kiswahili kilipita njia nyingine. Kibarua ni barua ndogo, cheti alichopewa mfanyakazi wa kutwa Zanzibar na pwani. Jina la cheti likamhamia mtu. Kipande, katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kilikuwa kadi ya siku 30. Nchini Kenya, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kikawa kitambulisho cha lazima kwa wanaume Waafrika. Hivyo Kiswahili kiliita kazi kwa karatasi yake, ilhali pisiweki hutaja kazi isiyo na karatasi.

Tofauti hii ina uzito wa kisera. Sheria ya Ajira ya Zambia, Na. 3 ya mwaka 2019, inakataza kuwageuza waajiriwa kuwa vibarua. Utekelezaji wake unahitaji takwimu sahihi. Mtafiti anayefasiri pisiweki kuwa "kazi ya kipande" atawahesabu wanaolipwa kwa idadi pekee, na kumwacha mwanamke anayeanika chisense kwa ujira wa samaki. "Kibarua" linakaribia zaidi, ingawa linadokeza malipo ya kutwa. Dodoso litenganishe maswali matatu: kipimo cha malipo, aina ya malipo na muda wa makubaliano. Kuanzia Desemba hadi Februari, uvuvi unapofungwa kisheria, kaya za wavuvi hulazimika kutafuta riziki nchi kavu. Neno likifasiriwa vibaya, kazi zao hazitaonekana katika takwimu.